Tulivyopanga Kwenda Kukauka Isiolo

Mwaka ule mvua ilikataa kuondoka Nyakoe, kijiji chetu cha milimani Kisii. Kwa kawaida yake huja mchana, ikatupiga na kwenda zake, lakini sasa ilianza asubuhi, ikapumzika kidogo saa ya chakula kama karani, kisha ikarudi kazini. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule ya nyasi na udongo. Wanafunzi wangu walinuka kama mbuzi walionyeshewa, nami mwalimu wao sikuwa na harufu bora kuliko wao. Nguo niliyoifua Jumatatu niliivaa Ijumaa ikiwa bado mbichi, na Jumapili nikaenda nayo kanisani nikimshukuru Mungu kwa neema ya mvua, huku moyoni nikimwambia sasa imetosha.

Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka jeshini na vitu vitatu: buti, koti zito na Isiolo. Buti zilitoboka, koti likaliwa na panya, lakini Isiolo haikuisha. Kila tulipokaa jikoni tukisikiliza matone, yeye alianza. Huko kaskazini, alisema, ni mchanga mtupu hadi macho yachoke. Ukianika shati, hujageuka limekauka. Watu hulala nje na hakuna anayekohoa. Ngamia hupita mjini kama watu wenye shughuli zao. Nilimwamini kiasi kwamba siku moja nilimchora ngamia ubaoni kwa maelezo yake, na mkaguzi wa shule alipoingia akauliza kwa upole kama ng'ombe yule alikuwa ameumwa na nyuki.

Basi jioni moja, nikikwangua tope kwenye viatu kwa kisu cha kumenyea ndizi, nilimwambia anipeleke.

"Nikupeleke wapi, Mwalimu?" Hivyo ndivyo alivyoniita, tukielewana na tukigombana.

"Isiolo. Shule zikifungwa mwezi wa nane. Nataka kukauka."

Aliokota kiatu changu kimoja, akakigeuza huku na huku kama anayetaka kukinunua. Kisha akasema ni wazo zuri, na kuanzia hapo tukawa na mpango. Mimi nilitaka kukaa kivulini siku tano bila mtu kuniletea daftari. Yeye alitaka kupanda ngamia na kuwaona tembo. Tulikubaliana kwamba kila mtu angepata chake, na kwamba hatungekwenda kumtembelea ndugu yeyote, kwa kuwa hatukuwa na ndugu huko, na hilo lilikuwa nusu ya raha yenyewe.

Tulipanda hadi kilimani Manga kumwarifu mama mkwe. Aliuliza nani amekufa. Tukasema hakuna. Akauliza nani mgonjwa, kisha kama tunakwenda kumposea mtu binti. Tulipomweleza kwamba tunakwenda kupumzika tu, alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akarudi kwa mwanawe.

"Mtu anayesafiri bila sababu," alisema, "sababu humfuata njiani."

Kufikia Jumapili habari ilikuwa imefika hadi kijiji cha Gesima, ikiwa imenenepa njiani. Huko walisema serikali imemwita tena mume wangu, na mimi nimekataa kubaki kwa sababu ya wivu. Mzee wa kanisa alikuja kutuonya. Alikula obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga ya chinsaga, akajipangusa midomo, akatueleza kwamba jangwani ndiko Shetani anakokaa akisubiri watu wasio na kazi. Mume wangu alimjibu kwamba hata Bwana Yesu alikaa huko siku arobaini na hakuna mzee aliyemtembelea kumwonya. Mzee hakurudi kula kwetu hadi Krismasi, nasi hatukumtafuta.

Kwenda kaskazini kulihitaji kibali. Karani wa bomani alikuwa na tai na karatasi, na kwenye karatasi palikuwa na mahali pa kuandika sababu ya safari. Nilisema ni kupumzika. Aliuliza kama kupumzika ni kazi au ni ugonjwa. Mume wangu akasema andika ugonjwa, mimi nikasema siumwi. Karani alikuna kichwa kwa kalamu, akakumbuka maneno aliyoyaona katika barua za Wazungu, akaandika tunakwenda "kubadili hewa". Alifurahi sana kuyaandika. Nadhani sisi ndio Waafrika wa kwanza aliowabadilishia hewa.

Kilichobaki kilikuwa mahali pa kulala. Mjini Kisii palikuwa na mama mmoja Mwislamu, mwenye duka la vitambaa, ambaye baba yake alikuwa askari Mnubi na mama yake Msomali. Alizaliwa Isiolo. Kiswahili chake kilitiririka, changu kilitoka kitabuni, na kila nilipofungua mdomo alitabasamu kama mtu anayemtazama mtoto akivaa viatu vya baba yake. Alifurahi kusikia mpango wetu. Alisema dada yake angetupokea. Kisha, kwa kuongea tu, akamgeukia mume wangu.

"Na wewe, shemeji, kambi yenu ilikuwa upande gani wa mto?"

"Isiolo haina mto," mume wangu alisema. "Ni mchanga tu."

Yule mama aliendelea kukunja kitambaa, pembe kwa pembe. Alisema polepole kwamba yeye alichapwa mara nyingi utotoni kwa kuogelea katika mto huo, lakini labda siku za vita ulikuwa umekwenda jeshini. Kisha akatumiminia chai, akaanza kuniuliza habari za shule. Ule ulikuwa wema mkubwa, na mume wangu aliunywa pamoja na chai bila kuinua macho.

Tulirudi Nyakoe kwa miguu. Nilitembea mbele. Tulipofika juu ya mlima mmoja ambapo kila mtu husimama kupumua, aliniambia.

"Nilifika Nanyuki, Mwalimu. Sikuvuka hapo. Nilimenya viazi jikoni mwa kambi miaka mitatu. Malori ya Isiolo yalisimama kwetu, na madereva ndio walionisimulia."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alisema aliporudi watu wote walitaka kujua ameua Wataliani wangapi. "Ningewaambia nimeua viazi?"

Nilitaka kukasirika, na kwa hatua mia mbili hivi nilikasirika kweli, hasa nilipomkumbuka ngamia wangu wa ubaoni. Lakini akilini nilimwona kijana wa miaka ishirini amesimama mlangoni mwa jiko na kisu mkononi, akitazama malori yakielekea mahali alipopatamani. Mimi nami nilikuwa nikipatamani vivyo hivyo, kwa maneno yaleyale ya madereva. Nikamwambia tutakwenda. Afadhali sasa sote wawili tulikuwa hatujui kitu.

Kuanzia siku hiyo alipanga vizuri zaidi, kwa kuwa aliweza kuuliza. Alirudi dukani peke yake, akaketi kama mwanafunzi, akaelezwa malori huondoka wapi, maji hubebwa kiasi gani, na kwamba nifunge kichwa changu vizuri, si kwa ajili ya dini bali kwa ajili ya vumbi. Mama mkwe alikuja kutuaga na mkungu mzima wa ndizi, kwa hoja kwamba mahali pasiponyesha hapana chakula. Ziliiva zote kwa pamoja katika gari moshi. Kati ya Nakuru na Nairobi tulikuwa watu wapendwao kuliko wote katika behewa, na walionata kuliko wote.

Kutoka Nanyuki lori liliteremka saa nyingi, joto likapanda. Mume wangu hakugeuka hata kulitazama lile jiko lake la viazi. Isiolo ilikuwa na mto, na miti kandokando yake, na upepo uliotia mchanga hadi kwenye meno. Dada wa yule mama alinipa mkeka na kivuli, akaniacha. Nilikaa siku tano. Siku ya tatu niligundua nilikuwa nimelala nikiwa nimeketi, mdomo wazi, mbele ya watu, na hakuna aliyejali. Mume wangu alipanda ngamia. Ngamia alisimama kwa miguu ya nyuma kwanza, jambo ambalo madereva hawakumsimulia, naye akashuka kwa kupitia shingoni.

Siku ya mwisho mzee mmoja Msomali, mume wa mwenyeji wetu, alituchukua kwa lori lake hadi kwenye mto mkubwa zaidi, upande wa kaskazini. Tembo walikuwa wakivuka, labda kumi, wadogo katikati, bila haraka yoyote. Hatukuwa tumekaribia sana, lakini mimi niliona ni karibu vya kutosha. Mume wangu alinishika mkono. Kule Nyakoe hakuwahi kunishika mkono mbele ya mtu, hata siku ya harusi. Yule mzee aligeuza uso upande mwingine kwa heshima, akaanza kukagua gurudumu lisilo na kasoro. Sikuuliza kama ni kwa mapenzi au kwa kuogopa tembo. Niliuacha mkono wangu hapo ulipokuwa.