Siku Nilipomkana Oliva

Siku moja ya msimu wa kahawa haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa nageuza kahawa kwenye kichanja mbele ya nyumba yetu, huku milimani Mbinga, nikaona watu wawili wanapanda njia ya kuja kwangu. Mmoja alikuwa mwenyekiti wetu wa kitongoji. Wa pili alikuwa dada mwembamba aliyekumbatia faili kifuani. Baadaye nilikuja kumjua kwa jina la Mwalimu Gaudensia, mwalimu wa elimu maalumu kutoka mjini. Walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuandika watoto wenye ulemavu ambao hawasomi.

Mwenyekiti alinijua tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo hakuzunguka.

"Binti yako Oliva yupo?"

Nikamjibu, "Hapa hakuna mtoto wa kuandikwa. Oliva ni mpole tu. Akikua atachangamka."

Na wakati nasema hivyo, Oliva mwenyewe alikuwa ndani anapiga kelele, "Songea wawili! Songea wawili, gari linaondoka!"

Ngoja nikueleze. Mwaka mmoja nyuma tulikuwa tumeshuka Kitai kungoja basi la Songea, na makondakta pale walikuwa wanaita abiria. Maneno yale yakamkaa mtoto. Tangu siku hiyo alikuwa anaita abiria asubuhi mpaka jioni, sebuleni, jikoni, hata kanisani wakati padre anahubiri, mpaka nikaacha kumpeleka. Leo nacheka. Wakati ule sikucheka hata kidogo. Alikuwa na miaka tisa na hajawahi kuniita baba. Ukimwita hageuki. Shule ya karibu walimpokea wiki mbili, wakamrudisha, maana kengele ikigongwa alikuwa anaziba masikio na kukimbilia porini.

Mwalimu Gaudensia alisikia ile sauti. Hakubishana nami. Aliandika kitu kwenye kipande cha karatasi, akaniwekea juu ya kichanja, akasema, "Ofisi yangu iko hapo, baba. Mkipata nafasi, karibuni." Wakaondoka.

Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, nina mke, nina watoto wawili, nina shamba la kahawa ambalo watu walikuwa wanasimama kuliangalia. Niliogopa maneno. Watu wangesema ukoo wetu umerogwa, au mke wangu alikosea mizimu ya kwao. Halafu niliogopa shule yenyewe. Nilijiambia shule ya watoto kama hao lazima iwe ya matajiri, na kama kuna msaada, basi ni wa ombaomba. Mimi si ombaomba. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, mwanangu, na sikufichi.

Wiki ile ile mama mkwe wangu akaja kututembelea. Kwao ni Mbaha, kule ziwani, na alikuja na kapu zima la usipa, wale dagaa wakavu wa kwao. Oliva alimpenda kuliko sisi sote, kwa sababu bibi yule alikuwa hamwongeleshi. Alikuwa anakaa tu karibu yake, wote wawili kimya, na mtoto anatulia. Mke wangu akamsimulia mama yake nilichowaambia wale wageni.

Wakati ule kwetu kijana aliyeoa hakai ana kwa ana na mama mkwe wake wakaongea maneno mengi. Mnasalimiana kwa mbali, kila mtu anaendelea na yake. Kesho yake asubuhi, nikiwa nafunga viatu niende shambani, nikaona amesimama mlangoni mwangu. Niliinuka haraka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa chini, mkwe wangu. Leo adabu tuiweke pembeni kidogo."

Nikakaa. Yeye akabaki amesimama.

"Nimesikia umesema hapa hakuna mtoto wa kuandikwa."

"Nilikuwa namlinda, Mama. Watu wana midomo."

Akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwa na mdogo wangu kama Oliva. Wazazi wetu walimweka kwenye kibanda nyuma ya nyumba ili wageni wasimwone. Hata kuoga ziwani na wenzake hakuoga. Amekufa akiwa mtu mzima, na mpaka leo sijui alikuwa anaweza nini. Labda angeweza kusuka mkeka. Labda angeweza kusoma. Hakuna aliyemjaribu. Unanielewa, mwanangu? Nimezeeka na sijui mdogo wangu alikuwa mtu gani."

Halafu akalia. Sikuwahi kumwona mama mkwe wangu akilia. Nilitaka kuinuka nikimbie, nikashindwa. Nilichoweza kusema ni kwamba kesho tungekwenda mjini.

Tukaenda sote wanne: mimi, mke wangu, Bibi na Oliva. Mwalimu Gaudensia alikuwa na chumba kidogo kwenye shule moja ya msingi yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Hakumwita Oliva, wala hakumshika. Alivua viatu, akakaa sakafuni, akaanza kupanga vifuniko vya soda kwa rangi. Oliva akamtazama kwa muda mrefu. Mwishowe akakaa naye, akachukua kifuniko chekundu, akakiweka mahali pake. Mke wangu akanibana mkono mpaka ukauma.

"Mtoto wenu ana usonji," mwalimu akatuambia. "Si laana, na si kosa la mama. Anaona na kusikia vitu kwa namna yake. Anaweza kujifunza, ila afundishwe taratibu, na asipigiwe kelele."

Akanipa fomu. Nikaandika majina ya binti yangu herufi kubwa kubwa, yote matatu.

Sasa sikiliza kilichonigharimu. Bweni la watoto lilikuwa limejaa. Kitanda cha mwisho kilikuwa kimepata mtu siku tatu kabla. Siku tatu! Kama ningesema kweli pale kwenye kichanja, kingekuwa cha Oliva. Angeweza kupokelewa, lakini kwa kwenda na kurudi kila siku, na nyumbani kwetu ni mbali. Nikainamisha kichwa.

Bibi akauliza, "Chumba cha kupanga hapa mjini kinapatikana?"

"Kinapatikana," mwalimu akasema.

"Basi nitakaa naye mimi. Usipa wanaliwa hata hapa mjini."

Ada haikuwepo, lakini maisha ya nyumba mbili si mchezo: chumba, chakula, sare, sabuni, nauli zetu za kwenda kuwaona. Mwalimu alituandikia barua ya kupeleka ofisi ya ustawi wa jamii, na pale tukapata godoro, sare na daftari za kuanzia. Vilivyobaki, mwalimu akasema, tuzungumze na watu wetu. Hapo ndipo paliponiwia vigumu.

Jumapili ile jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwa jirani. Baada ya sala nikasimama.

"Ndugu zangu, nina mtoto mwenye usonji. Amepata shule mjini. Peke yangu sitaweza. Naomba mnisaidie."

Watu wakatazamana. Nikajua nimejiaibisha. Mara mzee mmoja wa nyuma, mkulima mwenzangu niliyemjua miaka yote, akasimama polepole na kofia yake mkononi.

"Hata mimi nina wangu," akasema. "Yuko ndani."

Mama mmoja akainuka. "Na mimi."

Mwanangu, tulikuwa tunakaa kilima kimoja, tunachota maji kwenye mto mmoja, na kila mmoja wetu alikuwa amefunga mlango wake akidhani yuko peke yake. Siku ile watu walilia, halafu wakacheka, halafu mwenye nyumba akatoa ugali na kuku ambaye hakuwa kwenye mpango. Jumuiya ikachanga kodi ya miezi ya mwanzo. Sisi wazazi tukaunda kikundi, na baadaye halmashauri ikatukopesha bila riba, tukanunua mashine ya kukoboa mahindi. Mashine ile ndiyo iliyokuwa inalipa nauli na sabuni za watoto wetu wote.

Oliva hakubadilika kwa siku moja. Mwaka wa kwanza alikuwa anavaa kofia ya sufu iliyofunika masikio, na mwalimu alikuwa anamtoa nje kabla kengele haijagongwa. Mwaka wa pili akajifunza kuomba maji na kusubiri zamu. Siku moja nilikwenda kumchukua kwa likizo. Nikasimama getini na Bibi. Akaja na begi lake, akapita pembeni yangu kama kawaida, hatua mbili tatu, halafu akarudi. Hakuniangalia usoni. Aliangalia vifungo vya shati langu, akasema:

"Shikamoo, Baba."

Bibi akanisukuma kwa kiwiko. "Mwitikie mtoto, anangoja!"

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mama yangu." Nikaitikia mara tano, watu wanapita wananishangaa.

Siku hizi Oliva ni mtu mzima. Anafuma masweta ya wanafunzi kwa mashine, na unajua baridi yetu, wateja hawakauki. Akikosea mshono mmoja anafumua yote. Hapendi kuharakishwa, na hapendi harusi zenye muziki mkubwa. Sisi tumezoea, na yeye ametuzoea.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukiulizwa kuhusu mtoto wako, taja jina lake. Mwandikishe mapema, maana nafasi ni chache na zinakwenda kwa waliojitokeza. Uliza shule ipi ina kitengo, na ukiambiwa pamejaa, uliza njia nyingine. Barua ya msaada iombe bila haya. Ni haki ya mtoto, wala si aibu ya baba. Waambie ndugu na majirani ukweli, kwa sababu hujui nani kati yao anangoja mtu wa kwanza asimame. Na wale ambao Mungu hakuwapa mtoto wa namna hii, waambie wasimcheke mwenzao. Wamchangie, na wamkaribishe mtoto wake kwao.

Mungu akupe moyo wa kusimama mbele za watu. Akupe mwalimu mwenye subira na bibi mkaidi kama wangu. Mtoto wako akue, afanye kazi ya mikono yake, na acheke kwa namna yake. Nenda na amani, mwanangu, ukamchukue huyo mtoto wako uliyemficha ndani, mtoke naye.