Mama Mkwe Alivyokalia Chakula

Leo mama mkwe wangu amekalia maharage yangu nusu saa nzima, akinisema kwamba sipiki.

Nimebandika karatasi hii mlangoni mwa duka kabla habari haijaenea mtaa mzima wa Nyamirambo ikiwa imepindishwa.

Tangu vita vianze kule kaskazini, mkaa unatafutwa kwa tochi. Mimi fundi cherehani mkaa wa kutosha sina, ila mabaki ya vitambaa ninayo tele. Nimeyashindilia kwenye sanduku la mbao. Asubuhi nachemsha dakika ishirini maharage yaliyolala majini, nazika sufuria humo, nafunika, naenda kushona. Yanamalizia kuiva yenyewe.

Basi mama kaja kutoka mtaani kwake Gitega saa sita. Kagusa jiko. Baridi!

Kaketi juu ya sanduku, mbele ya wateja.

"Mwanangu ameoa cherehani! Nyumba isiyo na moto ni nyumba hiyo?"

Nikamaliza pindo. (Ndiyo, nilimaliza kwanza.)

"Mama, samahani, nyanyuka kidogo. Umekalia chakula."

Nikafunua. Mvuke ukampiga usoni. Wateja wakaangalia chini, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Kala sahani mbili. Kisha kaniambia, "Yameiva. Lakini mwanamke huonekana kwa moshi wake."

Sitatoa machozi jikoni ili nionekane mwanamke. Kesho jiko litakuwa baridi vilevile.

Anayeniita mvivu aandike hapa chini. Kalamu nimeifunga kwa uzi.

Mama ameondoka na gunia la vitambaa. Anasema ni vya kujazia mto.