Mama mkwe ndani, mimi mlangoni, mtoto amekwamwa na mahindi

Wakuu, hamjambo humu ndani? Hii sikuhadithiwa, ilinipata mimi mwenyewe, na mpaka leo inaniuma.

Naishi plot moja hapa Kitale. Upande huu Ekai, Mturkana. Upande ule Mama Njoki, wazee wake walitoka Central zamani. Sisi ni Wabukusu wa Bungoma. Bomba ni moja, na ukikaanga kitunguu plot yote inajua.

Mwezi jana mama mkwe alikuja kutoka Kamukuywa kutulelea Wafula, mtoto wetu wa mwaka mmoja, ndio wife arudi kazini.

Kwa wasiojua: kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, hawasalimiani kwa mkono, hawakai chini ya paa moja. Na mimi nina single room! Nikahamia kwa Ekai. Alinicheka sana, lakini godoro alinipa.

Kila kitu kikawa kinapitia kwa Mama Njoki. Maziwa, sukari, hata salamu.

Jumamosi mchana nikiwa kwa bomba nafua, nikasikia mama mkwe anapiga nduru. "Mwana anakufa! Amemeza mahindi!"

Nilitoka mbio. Kufika mlangoni, miguu ikakataa.

Kupitia upenyo wa pazia nilimwona mtoto wangu akitafuta hewa, macho yamemtoka. Na mimi, baba mzima, nimesimama nje naita, "Mama Njoki! Mama Njoki!" Mama mkwe naye kusikia sauti yangu akajifunika leso kichwani, akarudi kwenye kona na mtoto mikononi.

Mama Njoki alinisukuma nikagonga ukuta. Akamnyakua mtoto, akamlaza kifudifudi kwenye mkono wake, akampiga mgongoni. Mara ya nne punje ikatoka, mtoto akalia. Nikakaa chini hapo hapo.

"Kwani nyinyi mngeheshimiana mpaka mtoto akufe?" akatuuliza.



Mila yetu siidharau, wakuu. Lakini siku hiyo mtoto wangu aliokolewa na jirani asiyeifuata, na nimejifunza kuna mahali heshima inafaa kungoja nje.

Jioni nikipita, mama mkwe akaniongelesha nyuma ya pazia, mara ya kwanza tangu nioe.

"Baba Wafula, si ungeingia tu. Mimi ningefunga macho."

Nyinyi mngeingia? Niambieni ukweli, hata kama ni matusi.