Mama Bahari wa Bombambili

Hasira yangu kwa kaka yangu Pankrasi haijaisha, na asije mtu kuniambia "Lidwina, ni ndugu yako, sahau." Najua ni ndugu yangu. Tumelala kitanda kimoja utotoni. Ndiyo maana nasema mimi, asije akasema jirani akaongeza chumvi.

Wifi yangu Asumpta, mjane wa mdogo wetu Raphael, ana genge hapa Bombambili, Songea. Asubuhi anachoma maandazi, mchana anauza nyanya na dagaa wa Nyasa wa kupima kwa kikombe. Juu ya meza yake kuna msumari, na redio yake inaning'inia hapo kutwa nzima. Miaka sita iliyopita binti yake Jane alipata ajira ya ualimu, akapangiwa kisiwa cha Mafia. Jane huyu kakulia Songea, bahari alikuwa anaiona kwenye kalenda. Siku aliyovuka mara ya kwanza alimpigia mama yake analia: "Mama, maji yamepita juu ya vichwa vyetu!"

Toka siku hiyo Asumpta akawa na ugonjwa wa utabiri wa hali ya hewa. Sisi huku, mtangazaji akianza habari za bahari, ndipo tunaenda kugeuza mboga. Yeye ndipo anaongeza sauti. Unasubiri chenji yako, anakuambia nyamaza kwanza. Alijua upepo wa kilomita ngapi kwa saa unatikisa boti na mawimbi ya mita ngapi yanaingia ndani. Alijua angalizo maana yake kaa macho, na tahadhari maana yake kaa nyumbani kwako. Kila Jane akitaka kusafiri, lazima kwanza asikie ruhusa kutoka Songea. Mtoto alikuwa anachoka.

"Mama, mbona watu wanavuka?"

"Hao watu sikuwazaa mimi."

Tukamwita Mama Bahari. Nasema tukamwita, lakini jina nililitoa mimi, wifi mtu, kwa utani wetu wa mawifi, na mtaa mzima ukalidaka. Waendesha bodaboda wakipita wanapiga kelele: "Mama Bahari, leo tuanue nguo?" Naye anajibu bila kuinua kichwa, "Anueni hizo akili zenu kwanza." Tulicheka sana miaka hiyo. Leo nikikumbuka najisikia vibaya.

Basi Jumatatu moja alfajiri baba yetu, mzee Selestine, akafariki. Kwa ukoo wetu, mjukuu wa kwanza ndiye hubeba msalaba mbele ya jeneza mpaka kaburini, awe mvulana au msichana. Mjukuu wa kwanza wa mzee ni Jane. Pankrasi, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, akapanga mazishi Alhamisi, akampigia Jane apande boti Jumanne asubuhi, akamate basi la kupita Tunduru, Jumatano jioni awe nyumbani. Kwa mdomo ilikaa vizuri kabisa.

Saa kumi jioni, sisi wanawake tuko nyuma ya nyumba tunachambua maharage, redio ya Asumpta ikasema. Asubuhi ilikuwa angalizo, sasa wamepandisha kuwa tahadhari. Upepo unaozidi kilomita hamsini kwa saa, mawimbi yanayozidi mita tatu, mkoa wa Pwani pamoja na kisiwa cha Mafia, mpaka usiku wa Jumatano. Asumpta akaacha maharage yamwagike; mara simu yake ikaita, ni Jane. Akavua kandambili, akaenda na redio yake mkononi mpaka chini ya turubai walikokaa wanaume, nasi tukamfuata.

Akapiga goti vizuri tu, kwa heshima. "Shemeji, naomba mazishi yawe Jumamosi. Boti kubwa imeshazuiwa. Mtoto amenipigia, kuna mtu ana mashua yake ya mbao, anasema atavusha abiria kwa kujificha. Jane anataka kupanda hiyo ili asimkose babu yake. Mkisema Jumamosi, hapandi."

Unajua kaka yangu alifanya nini? Aliinuka kwenye kiti, akatoka nje ya turubai, akaangalia juu. Mbingu ya Songea siku hiyo ilikuwa nyeupe kama sahani, hata jani la mgomba halitikisiki. Akawageukia wenzake. "Jamani, upepo uko wapi?" Wakacheka! Watu wazima, wenye mvi, wanaangalia anga la Songea ili wajue hali ya Mafia! Mmoja akauliza mita tatu ndiyo nini, mbona mito yetu ikijaa tunavuka na baiskeli kichwani. Na Pankrasi akamaliza, "Padre amepatikana Alhamisi. Mzee wetu hawezi kusubiri redio ya gengeni."

Asumpta akasimama. Hakupiga goti tena. "Nyie mna maiti mmoja ndani, mnatafuta wa pili? Mnamuua mwanangu kwa sababu ya ratiba? Hamna hata mmoja wenu aliyewahi kulowa maji ya chumvi, halafu mnanicheka mimi?"

Loo! Ikawa kesi. Mwanamke kawatukana wazee mbele ya maiti. Pankrasi akatamka pale pale kwamba mpaka Asumpta atakapopiga magoti na kuomba radhi, hakuna mtu wa ukoo kula chakula kilichopita mkononi mwake. Halafu akachukua simu, akampigia Jane, wote tunasikia. "Usipofika kubeba msalaba, usihesabu kuwa uliwahi kuwa na babu." Jane akaanza kulia. Asumpta akamfikia, akaipokonya ile simu. Aliipokonya hasa.

"Jane, mimi ndiye niliyekuzaa. Ukipanda hiyo mashua, hata ukifika salama, kwangu usije."

Akakata. 

Jumanne alipika sufuria kubwa la maharage ya nazi, akaliweka katikati yetu. Hakuna aliyegusa. Nzi wakala. Na mimi sikula, mimi Lidwina niliyekuwa naletewa chakula na mwanamke huyu nilipolazwa hospitali wiki tatu, niligeuza uso nikajifanya naosha vijiko. Niliogopa kaka. Sina sababu nyingine na wala sitafuti. Asumpta aliniangalia mara moja tu, akabeba sufuria lake akaondoka kwenda kwake. Jane alikuwa hapokei simu toka alfajiri. Yule mama alishinda siku nzima bila kujua kama mwanawe amemsikiliza yeye au amemsikiliza Pankrasi, na sisi tukamwacha peke yake.

Jumatano asubuhi habari zikafika. Mashua ya mbao imepinduka jana alfajiri kabla ya kumaliza njia, abiria kumi na wanne, tisa wameokolewa. Nilikimbia pekupeku mpaka gengeni. Nikamkuta Asumpta amekaa chini, simu sikioni, machozi yanamshuka, anasema tu "ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu." Jane hakupanda. Alibaki ufukweni na begi lake. Judica, mwalimu mwenzake anayekaa naye chumba kimoja, ndiye aliyepanda. Jane alimsihi, Judica akamwambia mama yako anakutisha tu, akaingia. Hakuwa kati ya wale tisa. Jane alikuwa ameshinda mchana na kukesha usiku hapo ufukweni na wenzake wakimtafuta Judica, ndiyo maana simu ilikuwa haipokelewi.

Nikamshika wifi yangu miguu.

Mchana wazee wakaja, watano, Pankrasi mbele na kofia yake mkononi. Wakasimama pale kwenye meza ya nyanya. Pankrasi akakohoa, akasema kwamba ukoo umekaa, umetafakari, na kwa yaliyotokea wameona Asumpta asamehewe yale matusi. Na mazishi yatakuwa Jumamosi.

Jamani! Eti asamehewe! Nilihisi kichwa kinapasuka. Nilifungua mdomo nimpe zake, Asumpta akanizuia kwa mkono. Akawaangalia mmoja mmoja.

"Mmenisamehe? Nani aliwaomba?" Akafuta simu yake kwenye kanga, akabonyeza, akaweka sauti kubwa, akamnyooshea Pankrasi. "Mwambie mwenyewe. Juzi ulimpigia bila kutumwa."

Pankrasi akaipokea. Simu ikaita mara mbili. Wazee wote wakaangalia chini, na pale dirishani pa jirani watu walikuwa wameshajaa.

"Haloo, mama?" Sauti ya Jane ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Ni... ni mimi. Baba yako mkubwa."

Halafu yule mtoto, aliyelelewa akaleleka, akasema, "Shikamoo, baba mkubwa."

Kaka yangu akageuzageuza kofia yake mkononi bila kuitikia. Jane akarudia tena, akidhani mtandao ni mbaya. "Baba mkubwa, shikamoo."

"Mwitikie, shemeji," Asumpta alisema. "Mwenzake hawezi tena kumwamkia mtu."