Kipande cha Dale ya Kisima

Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Kindu, na wanafunzi wangu husema nina hasira za karibu. Hawajakosea. Mtu akigusa meza wakati napima, namtoa nje ya maabara bila kumsikiliza. Bureti tunayo moja tu, lile bomba jembamba la kioo lenye alama linalodondosha dawa tone kwa tone, na ikivunjika sijui nitapata wapi nyingine. Miaka hii wajenzi huniletea simenti wanayoitilia shaka, nipime kama ina chokaa ya kutosha au wauzaji wameichanganya na udongo. Chokaa hiyo ndiyo kalsiamu, na bila kalsiamu simenti ni vumbi tu, haishiki kitu. Nimeizoea kazi yenyewe, naifanya huku nikiwaza mboga ya jioni.

Siku moja aliingia binti wa jirani yetu wa zamani. Tulikua barabara moja, mimi nikiwa mkubwa kwake kidogo, ndiyo maana hadi leo huniita yaya. Alibeba kitu kilichofungwa kwenye kikwembe, kitenge chake cha kujifunga. Akakiweka mezani, akakifungua. Kilikuwa kipande cha zege, kikubwa kama ngumi mbili.

"Yaya, wanafukia kile kisima, wanataka kuweka pompi," alisema. "Hii njo dale yake. Baba yako alisemaka simenti ilikuwa na udongo. Uniangalilie kama njo kweli."

Sikuuliza kisima kipi. Mama yake alifia humo.

Ilikuwa wakati wa vita. Treni haikuja tena, na watu waliogopa kushuka Lualaba kuchota maji kwa sababu ya askari. Barabara nzima tulitegemea kisima kimoja kilichokuwa wazi, kila uchafu ukaingia humo, na watoto wakaharisha. Majirani wakachanga mchele na mafuta ya mawese, wakabadilishana na mifuko michache ya simenti iliyoletwa kwa ndege. Baba yangu alikuwa fundi wa kujenga, akapewa kazi ya kumwaga dale, yaani kifuniko kipana cha zege chenye tundu la kupitishia ndoo. Chuma hakikuwepo, akakatakata baiskeli mbovu na kulaza vipande vyake ndani.

Wiki ileile mdogo wangu wa kike alikufa kwa surua. Hakuwa hata ameanza shule. Tulimzika, na mama akawa hapati usingizi, kwa sababu siku zile mbwa walikuwa na njaa kama sisi na walifukua makaburi mapya. Baba akalifunika kaburi kwa zege. Nilipouliza, aliniambia ni simenti iliyobaki kisimani, nami nikaona ni jambo zuri kwamba ilibaki.

Miezi michache baadaye mama wa huyu binti alisimama juu ya dale akivuta ndoo, na dale ikakatika. Walimtoa amekwisha kufa.

Tangu hapo baba alikuwa na neno moja. "Simenti ilikuwa na udongo," aliwaambia waliokuja kumlaani, na aliwaambia vilevile waliokuja kumpa pole. Aliyeiuza alikuwa ameshaondoka mjini. Hakuna aliyempa baba kazi tena. Akaenda kulima mpunga upande wa Kailo na mwiko wake ukapata kutu nyuma ya mlango, mpaka akafa. Mimi nilimwamini. Nilisoma kemia kwa sababu ya neno lile. Shuleni watoto wakiniita mtoto wa muuaji niliwapiga, na nilijiambia kwamba siku moja nitawaonyesha huo udongo.

Kwa hiyo binti aliponiletea kile kipande, nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilikivunja, nikachukua cha ndani kabisa, maana mvua huosha chokaa ya juu. Nikakisaga, nikapima uzito, nikakimimina ndani ya asidi. Asidi huyeyusha simenti na kuacha mchanga. Kama kuna udongo, nao hubaki, unaonekana kwenye karatasi ya kuchujia kama tope la kijivu. Nilichuja nikingoja tope. Kwenye karatasi ulibaki mchanga wa Lualaba, safi, unang'aa. Nikachuja tena sehemu nyingine. Mchanga mtupu.

Yale maji yaliyochujwa niliyatia soda na dawa ya rangi, yakawa mekundu kama mvinyo. Hapo ndipo bureti inafanya kazi: unadondosha taratibu, na kalsiamu yote ikishakamatwa, wekundu unageuka buluu. Kadiri kalsiamu ilivyo nyingi, ndivyo unavyodondosha zaidi. Nilifungua kidogo tu na maji yakawa buluu. Nilidhani nimekosea, nikarudia, ikawa vilevile. Simenti haikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri, ila baba alitia kiganja tu mahali pa sufuria.

Kesho yake nilikwenda makaburini na nyundo. Kaburi la mdogo wangu liko palepale, halina ufa. Ilinibidi nipige kona yake mara nyingi ndipo kikatoka kipande. Nilikipima kwa njia ileile. Nilidondosha, maji yakabaki mekundu. Nikadondosha tena, bado mekundu. Bureti ikaisha, nikaijaza upya, na machozi yakanitoka kabla ya ile buluu kutokea. Nilimwonea baba huruma na nilimchukia, yote kwa pamoja, na sikuwa na mtu wa kumtoa nje ya maabara isipokuwa mimi mwenyewe.

Binti aliporudi nilitaka kumwambia kwamba kipande kimezeeka mno, hakipimiki. Hakuna ambaye angenibishia. Lakini alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, mikono mapajani, akanitazama, nikashindwa. Nikamwambia yote, udongo ambao haukuwepo, na kaburi.

Alikitazama kile kipande pale mezani.

"Ile simenti, mama yangu njo alibeba," alisema. "Nusu mufuko, juu ya kichwa. Nilimufwata nyuma mupaka kwenye makaburi. Mama yako alikuwa hawezi kusimama, njo maana alienda kusaidia."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa mutoto. Nilijua alibeba. Siku ile sikujua ilitoka kwenye kisima." Akajifuta uso kwa kikwembe. "Nilifikiriaka hii kitu miaka yote, yaya. Lakini na mimi nilitaka ikuwe udongo."

Nilimwomba msamaha kwa niaba ya baba. Aliniuliza tu kama kaburi la mdogo wangu bado liko, nikasema liko, akataka nimpeleke.

Tulikwenda kwa miguu, mvua ikiwa imekatika. Makaburini alitazama huku na huku kwenye majani marefu, upande walikomzika mama yake. Hapakuwa na tuta wala alama. Alipokufa, simenti haikuwepo tena Kindu nzima.

"Ya mama, mvua ilishabeba. Sijui tena iko wapi," alisema. "Lakini hii, niliona vile alikuwa anaibeba."

Akatandika kikwembe chake juu ya kaburi la mdogo wangu, akakaa, akalia. Nilisimama kando nisijue la kufanya, mpaka akasogea kunipa nafasi. Nikakaa. Zege ile ndogo, iliyomwagwa kwa ajili ya mtoto, ilitubeba watu wazima wawili mpaka jioni, na haikutikisika.