Jivu Lililomwokoa Mbwa wa Jirani

Kabla hata hajanawa uso, Mwantumu Jabiri anainama nyuma ya banda lake la kuku na kulisoma jivu. Amelichekecha jana jioni kuzunguka ukuta wote, laini kama unga. Asubuhi hii lina nyayo za njiwa tu, na majani mawili makavu ya mwarobaini.

"Alhamdulillahi, hajaja," anasema, kisha anavuta tawi la mgunga lililoziba mlango.

Kuku wanamwagika nje. Wa mwisho ni mtetea mwekundu mwenye vifaranga kumi na mmoja. Mwantumu anawahesabu kwa sauti, akianza na bismillahi.

Mjane huyu mwenye miaka 46 analima mahindi na mihogo nje kidogo ya Mkata, wilayani Handeni. Shamba humlisha. Kuku ndio wanaomsomesha Yusra, binti yake wa mwisho aliye kidato cha pili: trei mbili za mayai kila wiki huenda kwa mama ntilie wa kituo cha mabasi.

Mwaka jana, baada ya Idi, alikuwa na kuku ishirini na watatu. Ndani ya wiki tano wakabaki wanne.

"Nilikuwa nafungua mlango nakuta manyoya," anakumbuka. "Nikanunua wavu, nikapigilia dirishani. Nikabadilisha kitasa. Juu kote nilifunga, chini nikaacha udongo mtupu."

Siku moja alimwona Mgambo, mbwa wa Mzee Lemunge, jirani yake mfugaji wa Kimaasai, akipita na bawa la kuku mdomoni. Mwantumu hakuuliza mara mbili. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kutaka mbwa yule auawe.

Mzee Lemunge hakubisha. Huyu ndiye aliyewaletea maziwa kila siku, siku zote arobaini za msiba wa mumewe Mwantumu. Aliomba siku tatu tu. Yeye angemfunga mbwa nyumbani kwake, na Mwantumu achekeche jivu la jikoni kuzunguka banda kila jioni.

Mwenyekiti akakubali. Siku mbili jivu halikuguswa, na Mwantumu akaanza kutembea kifua mbele. Siku ya tatu kuku wawili hawakuwepo. Mgambo alikuwa bado kwenye kamba.

Mzee akaitwa. Alichuchumaa kwenye jivu, mwenyekiti akiwa amesimama pembeni.

"Mgambo ana mguu kama kikombe," alisema. "Huyu ana mguu kama kisoda, na kucha ndefu za kuchimbia. Ni kicheche. Mbwa wangu aliokota mabaki tu, mama Yusra. Hata wewe ukikuta nyama njiani utaiangalia mara mbili."

Mwenyekiti alicheka hadi akashika ukuta. Walipovuta magunia ya pumba yaliyoegemea banda, wakaliona shimo chini ya ukuta.

Mwantumu hakulala kwa haya. Kwao mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu, na alikuwa amebakiwa na ndege wawili: mtetea mwekundu aliyekuwa akilalia mayai, na jogoo. Alfajiri akambeba jogoo.

"Shikamoo mzee. Nimekukosea."

Mzee alimtazama jogoo, akamtazama yeye. Katika miaka kumi na minane ya ujirani, Mwantumu alikuwa amesahau kwamba mzee huyo, kama wazee wake, hali kuku.

"Ulisema mbwa wangu anakula kuku," alimwambia. "Sasa unataka na mimi nile?"

Walicheka mpaka mkewe akatoka nje kuuliza kulikoni. Jogoo akapokelewa akiwa hai. Jioni ile Mzee Lemunge alifika na matawi ya mgunga. Alimwonyesha namna ya kuyafukia chini ya ukuta, miiba ikitazama nje, na kuziba mlango kwa tawi zima, kama zizi la ndama.

Mayai ya mtetea yakaanguliwa. Leo kuku ni thelathini na mmoja, bila kuhesabu vifaranga. Kicheche hajachukua hata mmoja tena. Mwewe alinyakua kifaranga mwezi uliopita. "Huyo hupita juu," anasema Mwantumu. "Hakanyagi jivu."

Mgambo amelala kivulini mwa banda, kifaranga amepanda mgongoni mwake.

"Kila swala namshukuru Mungu kwa zile siku tatu," anasema Mwantumu, sauti ikishuka. "Ningemuua asiye na kosa, na nyumba ile nisingeingia tena."

Jogoo bado yuko kwa Mzee Lemunge, anamwamsha kabla ya ng'ombe. Yusra akifunga shule, Mwantumu atampelekea mke wa mzee mitetea wawili ili naye aanze kuuza mayai. "Jogoo yule amekaa na mbwa vya kutosha," anasema.

Mzee, anayepita na fimbo yake, amesikia.

"Walete," anasema bila kusimama. "Lakini jivu utachekecha wewe."