Wali wa Walio Ndani ya Tangi

Umande haujakauka kwenye mpunga, na Wagirah tayari amepiga magoti nyuma ya nyumba ya Pak Sugito. Anainua mfuniko wa chemba kwa nondo, kisha anafanya jambo ambalo mgeni yeyote angelikimbia: anainamisha uso na kuvuta pumzi kwa nguvu.

"Harufu ya udongo wa mvua," anasema. "Wazima hawa. Wanakula."

"Hawa" ni vijidudu vya tangi la kusafishia majitaka ya kitongoji hiki cha Java. Choo, jiko, bafu, vyote humwagia humu. Vijidudu hula uchafu, maji hupita kwenye kitalu cha matete, yakaingia kidimbwi cha perege, ndipo yashuke mtoni.

Kabla ya tangi, kila bomba lilikwenda mtoni moja kwa moja, na watoto waliharisha kila kiangazi. Wagirah alizika mmoja, mwanawe wa kwanza.

"Mto ule naujua," anasema, na kuurudisha mfuniko.

Mama huyu wa miaka hamsini na miwili, muuza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, sokoni, ndiye mtunzaji wa tangi. Malipo yake ni mchango wa majirani ambao, kwa maneno yake, "hautoshi hata sabuni ya kunawia."

Na mwaka huu amekalia kuti kavu. Idi iliyopita tangi lilinuka, jamani, lilinuka! Wakwe wa binti wa Pak Sugito walikuja kutoka Semarang, wakaaga kabla kuku wa nazi hajapakuliwa. Pak Sugito, kiongozi wa kitongoji, akaapa: likinuka tena Idi hii, mabomba yanarudi mtoni.

Lakini kwa nini linuke Idi tu? Swali hilo lilimnyima Wagirah raha. Alishuku mafuta ya kukaangia. Alishuku hata pilipili. Jibu alilikuta dukani Ramadhani ilipoanza: dawa ya choo ilikuwa imenunuliwa yote. Kila nyumba ilikuwa ikijiandaa kusugua choo kwa ajili ya wageni.

"Kumbe tuliwaua kwa usafi!" anasema, akijipiga paja.

Akapita nyumba kwa nyumba kuwaonya. Wapi! Mke wa Pak Sugito alimjia juu.

"Dada Wagirah, unataka wakwe wa binti yangu wakalie choo chenye utando? Au dawa imekushinda bei, unatuonea gere?"

Basi akapika. Akasimamisha wali wa manjano kama kichuguu, akauzungushia mayai na kuku, akaalika majirani kwenye dua baada ya kufuturu. Mwaliko wa namna hiyo huku haukataliwi. Wakaomba, wakala, wakafungiwa na cha kwenda nacho nyumbani. Ndipo mmoja akauliza dua ilikuwa ya nani.

"Ya walio ndani ya tangi," Wagirah akajibu. "Mmeshakula wali wao. Sasa msiwanyweshe sumu. Sugueni kwa majivu na ndimu."

Watu walivunjika mbavu. Mke wa Pak Sugito peke yake hakucheka. Alikitazama kifurushi chake cha wali, akasema polepole, "Mwaka jana nilimwaga dumu zima."

Leo ni Idi. Wakwe wa Semarang wamekaa barazani, na mmoja anaomba aongezewe kuku. Wagirah amekuja kuombana radhi na majirani, kama ada ya siku hii. Pak Sugito anaipokea mikono yake kwa mikono miwili.

"Niwie radhi, dada, kwa makosa ya wazi na ya moyoni."

"Nami pia, kaka."

Kisha mzee anazunguka nyuma ya nyumba, anainama juu ya mfuniko wa chemba, na kwa sauti ya chini, wageni wasisikie, anasema, "Na nyie huko chini, mniwie radhi."

Wagirah, aliyemfuata nyuma, anacheka hadi machozi yanamtoka. Anayafuta, anatazama vilima, kwenye kitongoji kingine ambacho mabomba yake bado yanamwaga mtoni.

"Maji aliyokunywa mwanangu yalianzia kule," anasema. "Sikukuu ikiisha nitapanda kwao. Ila sitaanza na maneno. Nitaanza na wali."